Namna ya Kumuua Gunia

Gunia alichomwa nondo ya kifua, akaporomoka ngazi, akalala kimya. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akaomba chai.

"Tena," alisema mwongozaji. "Safari hii ufe kama mtu mwenye dhambi zake."

Walikuwa ndani ya ghala kuukuu la bati, taa kubwa zimewashwa mchana kweupe, nyaya zimetambaa sakafuni. Watu wa filamu wana mambo: asubuhi wanakuua, mchana mnakula pamoja. Aliyeigiza Gunia alikuwa baba wa mapacha, mpole wa kutia huruma. Lakini akishavaa lile gunia lenye matundu mawili ya macho, hata mpiga picha alirudi nyuma.

Gunia wa kweli hakuwa mchezo. Aliua wasichana, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa binti pekee wa nesi mstaafu, huyu aliyekaa leo kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera, mkoba mapajani. Siku chache baada ya mazishi, Gunia alionekana akiizunguka nyumba ya mama huyo. Polisi walikuja mbio, hawakukuta mtu. Tangu hapo hajulikani alipo, kama vile ardhi imemmeza.

"Ndiyo maana nataka tumuue sisi," mwongozaji alimwambia nesi siku ya kwanza. "Kwenye filamu yangu binti yako hafi. Yeye ndiye anayemmaliza." Akamwahidi kwamba mwisho wa hadithi hautapigwa bila ridhaa yake. Ilikuwa ahadi ya mdomo tu, lakini mwongozaji yule, pamoja na makelele yake yote, alikuwa mtu wa neno lake.

Basi wakajaribu vifo vingine. Gunia akaanguka kutoka juu ya mapipa. Gunia akanaswa na moto. Msichana aliyeigiza binti akamkaba kwa waya, akamkaba hasa, mpaka mwenyewe akaingiwa na hofu. Kila mara mwongozaji aligeuka kumtazama nesi, na kila mara nesi alikataa.

"Anakufa upesi," alisema.

"Tumrefushie?"

"Na kelele zimezidi. Mtu aliyeumia kweli halii hivyo, mwanangu. Siku za mwanzo atapiga mayowe. Baadaye sauti inakauka, anabaki na pumzi tu."

Nani asingejua kilio hicho ni cha nani? Dada wa vipodozi alimletea maji, akamshika bega.

Mwishowe mwongozaji alivuta kreti, akaketi mbele yake. "Mama yangu, nimeishiwa vifo. Niambie wewe. Afe vipi?"

"Asife."

"Unasema?"

"Mwacheni hai. Binti aweke chuma chini, amtazame, basi."

"Mama! Watu watakuja kumwona huyu mshenzi akifa. Asipokufa si watanivunjia viti?"

Nesi hakupandisha sauti. "Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kumzuia mtu asife. Wameletwa wezi, nimewazuia. Wameletwa wanaume waliovunja wake zao mbavu, nimewazuia, wakarudi makwao wazima. Huyu nikisema afe, hata kwa mchezo, nitalala vipi?"

Mwongozaji alifungua mdomo abishe. Filamu nzima ilikuwa imejengwa juu ya kifo kile, na bila kifo aliona kazi yake ikienda na maji. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Akainuka, akapiga makofi. "Tunapiga. Gunia haifi."

"Hafi," mpiga picha alimsahihisha.

"Hafi, haifi, twende!"

Wakapiga. Msichana aliinua nondo, akaishusha, akamtazama. Gunia alikaa sakafuni, mzima, akihema. Kamera ilipozimwa, msichana alimwendea nesi, akapiga magoti, machozi yanamtiririka.

"Mama, umewezaje?"

"Taratibu, mwanangu. Kila siku kidogo kidogo."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," mpishi alimnong'oneza dada wa vipodozi, "na huyu kasamehe! Mimi ningemmenya kama kiazi." Wote wawili walikuwa wanalia.

Aliyeigiza Gunia alivua gunia lake, akaomba amrudishe mama nyumbani kwa gari. Njiani alimwomba radhi kwa kumchosha na vifo vyake. Nesi alicheka kidogo, akamuuliza habari za mapacha, akamweleza dawa ya kikohozi cha watoto. Walipofika, jua lilikuwa bado kali, na yeye akataka kumbebea mkoba mpaka ndani.

"Ishia hapa hapa, baba. Nenda kwa wanao."

Alisubiri gari lipinde kona. Akafunga geti, akafunga mlango wa mbele, akapita sebuleni mpaka chumba cha nyuma, akafungua kufuli. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja cha chuma cha hospitali na dirisha lililozibwa kwa mbao. Mtu aliyefungwa kitandani alifumba macho mwanga ulipoingia. Nesi akamshika kifundo cha mkono, akapima mapigo ya moyo, akaridhika. Akatoa sindano na chupa ya dripu mkobani.

"Leo walitaka kukuua," alimwambia huku akiutafuta mshipa. "Nimewakatalia."

Muuaji wa binti yake akafungua mdomo, na kwa pumzi aliyobaki nayo akaanza kumwomba tena kile anachomwomba kila siku: amwache afe.