Ulimi wa Bi Somoe

Tangu homa imwachie, Bi Somoe hakusikia tena ladha ya kitu chochote, wala hakumwambia mtu. Sokoni aliuza magadi, chumvi ya mawe na shabu ya kusafishia maji, na watu walimfuata kwa ajili ya ulimi wake: aliligusa jiwe kwa ncha yake mara moja tu, akalitaja. Asubuhi ile mifuko ilipasuka, mawe meupe yakachanganyika mkekani, na Mzee Kombo akaja kutaka magadi ya kulainishia maharage.

“Onja basi, bibie. Au ulimi nao umezeeka?”

Akaonja. Ilikuwa kama kulamba ukuta. Tatu, muuza ndimu wa jirani aliyeitamani nafasi ya Bi Somoe pale sokoni, akanyoosha shingo.

Bi Somoe akashika nyundo, akagonga. Jiwe likavunjika kwa pembe zilizonyooka kama za kijisanduku.

“Hii chumvi.”

Akachukua ndimu ya Tatu bila kuomba, akaikamulia juu ya jiwe la pili. Likachemka, likatoa povu.

“Magadi yako hayo, mzee.”

“Mbona leo huonji vizuri?” Tatu akauliza.

“Naonja kwa macho. Una neno?”

Mzee Kombo akacheka, akaokota jiwe la tatu. “Na hili je?”

Bi Somoe akaligeuzageuza, akamrudishia. Mzee akalilamba mwenyewe. Uso ukamkunjamana, midomo ikajikaza.

“Lo! Shabu hii!”

Bi Somoe aliendelea kuutazama mdomo ule, kama mtu anayechungulia dirishani mwa nyumba aliyowahi kuishi.