Kabureta kwa Mara ya Tatu

Kwa mara ya tatu mwezi huo, fundi alikuwa anafungua kabureta isiyo na tatizo lolote.

Aliifungua polepole, skrubu moja moja, akizipanga juu ya gazeti kuukuu. Mwenye gari, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha kila siku, akitazama.

"Bado inasumbua?" mwalimu aliuliza.

"Inasumbua, mwalimu. Gari lililolala miaka kumi na tisa si mtoto wa kuamshwa kwa kofi."

Uongo mtupu. Siku gari lile lilipovutwa kwa kamba hadi gereji, kweli lilikuwa maiti. Panya walikuwa wamezaa ndani ya chujio la hewa, petroli imekuwa gundi, pistoni zimeng'ang'ania kwa kutu. Fundi alimimina mafuta ya taa kwenye matundu ya plagi, akasubiri siku nne, kisha akaizungusha injini kwa spana ndefu mpaka ikalegea. Akabadilisha ringi, akasaga vali, akaweka gasketi mpya. Kazi ya wiki sita hiyo. Sasa ilikuwa wiki ya kumi na moja.

Tatizo lilikuwa saa tisa. Kila siku saa tisa alasiri mwalimu alifika na chupa ya chai na vikombe viwili. Alichomoa leso kwenye mfuko wa koti, akafuta kikombe cha fundi, akafuta chake, ndipo akamimina. Kisha wakaanza kubishana: mpira, vijana wa siku hizi, nani kati yao ana magoti mabovu zaidi. Tangu mke wa fundi afariki, hakuna mtu mwingine aliyemfutia kikombe. Magari ya sasa yanatibiwa kwa kompyuta, na wenye nayo hawakupita kwake. Fundi alikuwa mpweke, tuseme ukweli, mpweke hadi akawa anaitikia salamu za mtangazaji wa redio.

"Mwanangu kapiga simu tena," mwalimu alisema, akipuliza chai. "Chumba changu kishapakwa rangi. Gari likiwaka tu, anakuja kutuchukua wote wawili, mimi na gari."

"Una bahati. Watoto wengine hata namba ya baba yao wameisahau."

"Ndiyo. Bahati." Mwalimu alikizungusha kikombe mkononi. "Lakini usikimbizane na kazi kwa ajili yangu, fundi. Haraka haraka haina baraka."

Upole ule ulimchoma fundi kuliko matusi. Mzee wa watu anahesabu siku aende kwa wajukuu, naye amemfunga hapa kwa kabureta!

Jioni, kama alivyofanya kwa kila gari kwa miaka arobaini, alichomoa rota, kile kidude cha kahawia kisichozidi dole gumba, kinachozunguka chini ya kifuniko na kugawa moto kwa plagi. Akakitia mfukoni. Kabureta yenyewe ilikuwa imelala mezani vipande vipande, lakini mazoea yana taabu. Bila rota, mwizi atapiga stata mpaka betri ife.

"Rota mfukoni, gari nyumbani," alisema, na mwalimu akacheka kana kwamba ndiyo kwanza ausikie msemo huo.

Usingizi haukumjia upesi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Kesho gari litawaka, basi.

Kesho yake alifunga kila kitu kabla ya saa tisa. Akairudisha rota mahali pake, akaipapasa mara mbili. Mwalimu alipofika, fundi hakuthubutu kumtazama usoni.

"Leo linawaka, mwalimu."

Mwalimu aliweka chupa chini. "Leo leo?"

"Leo leo. Ngoja nichote maji ya rejeta."

Bomba lilikuwa nyuma ya gereji, na maji yalitoka kwa uvivu. Fundi hakuyaharakisha. Aliporudi na ndoo, mwalimu alikuwa amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani.

Fundi akajaza rejeta, akaingia garini, akapiga stata. Injini ikazunguka vizuri, nyepesi kabisa, lakini haikushika. Akapiga tena. Wapi! Mara ya tano alishuka, akafungua vibanio, akainua kile kifuniko cha rota. Chini yake palikuwa patupu.

Akaingiza mkono mfukoni. Funguo na kiberiti, basi. Akapekua mfuko wa pili. Si aliipapasa mara mbili? Ndivyo uzee unavyoanza, aliwaza, na nyumbani huna hata wa kumuuliza umeweka wapi vitu vyako.

"Vipi?" mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata sielewi. Hebu tunywe chai kwanza."

Mwalimu akakaa, akafungua chupa. Kwa mazoea ya wiki kumi na moja, akachomoa leso kwenye mfuko wa koti ili afute kikombe cha fundi.

Kidude cha kahawia kilitoka pamoja na leso, kikagonga sakafu, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha fundi.

Mwalimu aliinamia kikombe, akaendelea kukifuta.

Fundi akasogeza mguu, akakifunika kwa soli taratibu.

"Ni kabureta, mwalimu," alisema. "Naona lazima niifungue tena."