Dhiraa Sita

Boriti ya kwanza ililala vizuri juu ya ukuta huu, lakini ukuta wa pili haikuufikia. Shaame akaiweka kando, akajaribu nyingine. Nayo ilipungua shubiri nzima. Alizijaribu zote kumi na moja.

"Ulizikata dhiraa ngapi?" aliuliza mkewe, Mize, aliyekuwa akimtazama kutoka chini ya ngazi.

"Sita. Si ndivyo alivyosema Faki, chumba ni dhiraa sita?"

"Na ulipima kwa mkono wa nani?"

"Wangu. Kuna mwingine?"

Mize akageuza macho ukutani. Kuta hizi alizipima mwana wao, Faki, kwa mkono wake mwenyewe, kabla homa haijamchukua. Alama zake za mkaa zilikuwa bado ukutani, moja kwa kila dhiraa.

Shaame akaweka kiwiko kwenye alama moja, akaulaza mkono kuelekea ya pili. Ilibaki nafasi ya vidole viwili.

"Shuka, Baba Faki," Mize alisema taratibu. "Tutanunua nyingine."

"Ngoja."

Akaegemeza shavu ukutani, akafumba macho, akazidi kunyoosha vidole.