Rangi ya Chumba cha Nyuma

Krr, krr. Alfajiri haijaingia, na mwiko ulikuwa ukikwaruza sufuria. Isnino alikuwa akikoroga chokaa.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya Shifta, waasi waliopigana na serikali, hapo Isiolo. Usiku ule alikuwa amesimamisha ukuta wa mbao na udongo katika chumba cha nyuma, na nyuma yake akamficha kijana mwenye risasi pajani. Kijana huyo aliwahi kumbebea mtungi wa maji mpaka mlangoni, asingoje hata asante. Akipatikana, atauawa palepale.

Sasa udongo mbichi ulitakiwa ufanane na kuta kuukuu. Chokaa ya sufuria moja aliitia chai, ikawa rangi ya samli. Ya pili aliitia jivu kidogo, ikawa rangi ya maziwa ya ngamia. Akapaka mstari wa hii na mstari wa ile. Lakini chokaa mbichi hudanganya. Mpaka ikauke ndipo uijue.

Mlango ukapigwa teke. Mwanamume mwenye bunduki akaingia, kitambaa usoni. Aliinama gizani, boriti isimgonge.

"Hata salamu hakuna?" Isnino akauliza.

"Salamu ni ya watu wema. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinichezee. Ameonekana akiingia hapa, damu inamtoka."

"Nimechinja mbuzi. Au siku hizi mnawinda mbuzi pia?"

"Nisipompata, wenzangu wataichoma nyumba hii, na wewe ndani."

Akachungulia uvunguni, akapindua sanduku. Kisha akausogelea ule ukuta, akaigusa mistari miwili.

"Nani hupaka rangi saa hizi?"

"Asiyepata usingizi. Nimeshindwa kuchagua. Nisaidie basi, kama macho yako yanajua zaidi ya kulenga shabaha."

Mtu yule akazitazama kuta nyingine, akalitazama dirisha lililoanza kupauka. Alikuwa na haraka.

"Ya samli," akasema kwa ukali. "Moshi wa uvumba umezigeuza kuta zote. Hiyo nyingine itaonekana kama kiraka."

Akatema mate, akatoka. "Hayupo," akawaambia wenzake.

Nyuma ya udongo mbichi, konstebo Rimberia aliing'ata kofia yake ya polisi asipige kelele za maumivu. Isnino akamfuata mwenye bunduki mpaka uani, akamshika mkono.

"Samatar, mwanangu," akasema, "uje tena kuniona, hata kama ni usiku."