Salamu za Kila Asubuhi

Siku hizo kila mtu mzima alipeleka kwa serikali ya mtaa, kila Jumatatu, jedwali la wajibu wake kwa wazazi: uliotimizwa kwa kijani, ulioshindikana kwa nyekundu. Zuhura, fundi wa kompyuta, hakuwa na muda huo. Alitunga skripti, programu ndogo ya kompyuta, iliyompigia mama yake simu kila asubuhi kwa sauti ya Zuhura mwenyewe, ikamwamkia, ikamsikiliza, kisha ikajaza jedwali na kulituma. Miaka ikapita, kijani kitupu.

Jumatatu moja akakuta mstari mwekundu: "Kumjulia hali mama: imeshindikana." Akapanda basi la kwanza kwenda Korogwe.

Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa sebuleni akipeta mchele, buheri wa afya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, keti." Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Umeme umekatika tangu juzi, simu imeisha chaji."

Zuhura akauliza habari za goti, za majirani, za shamba. Kila alilouliza, mama alishangaa kidogo.

"Lakini hilo si nilishakwambia?"

Alasiri umeme ukarudi. Simu iliyokuwa kwenye chaji ikawaka, na punde ikaita: skripti ilikuwa ikirudia simu ya asubuhi iliyoshindikana. Bi Mwanakombo akatupa ungo kando, uso ukamchanua.

"Mama, usipokee, huyo si..." Zuhura alianza.

Bi Mwanakombo akamnyamazisha kwa kiganja.

"Ngoja kwanza, naongea na mwanangu."