Ziwa la Falonne

Providence alikuwa ameshavua viatu kabla mtu yeyote hajamwambia aogelee.

"Falonne, unaenda wapi?" Papa Paulin akamwuliza. Alikuwa akipigilia kigingi cha hema, na nyundo ikabaki hewani.

"Naenda kuvuka, papa. Ulisahau? Njo mimi nilikuwaka navuka hii maji."

Paulin akamtazama. Kwa wiki tatu, tangu msichana huyu abishe hodi kwao Vulamba, mzee alikuwa mtu wa kutazama tu. Alimtazama akila, alimtazama akicheka, alimtazama akifunga kitambaa kichwani. Neno baya hakulisema. Mama Emérence, mke wake, yeye hakuuliza kitu. Siku ile ya kwanza alimkumbatia mpaka pumzi ikakata.

Jina la Falonne halikuwa lake. Falonne mwenyewe, aliyechukuliwa shambani na wenye bunduki akiwa na miaka tisa, alibaki porini upande wa Beni, chini ya udongo. Miaka mitano yeye na Providence, aliyetekwa vilevile, walibeba mizigo ya askari na kulala chini ya turubai moja. Falonne hakuchoka kusimulia habari za kwao: sombe ya mama, majani ya muhogo yenye karanga, mbwa aliyeitwa Kapitani, kovu la papa kwenye kidole gumba. Na hili ziwa dogo katikati ya mikaratusi, ambako familia huja kupiga hema siku za sikukuu.

"Mimi navukaka mpaka ngambo," alikuwa akijisifu. "Siogopake kitu!"

Kwao Providence hakubaki mtu wa kumpokea. Basi akaazima jina, na pamoja na jina akaazima mama.

Sasa vita vilikuwa vimetulia kidogo, njia imefunguka, na ni Paulin aliyetaka waje kulala hapa siku mbili. Providence akajua anapimwa. Akamshukuru Mungu kwa mtihani wenyewe. Yeye ni mtoto wa wavuvi wa Kyavinyonge. Kuogelea alikujua kabla ya kusoma.

Akajitosa. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Akaupita mtumbwi uliojaa vijana wa kwaya, akagusa mizizi ya mikaratusi ng'ambo, akageuka. Watu wa mahema mengine wakampigia makofi. Jamani, furaha aliyoisikia! Kuanzia leo alikuwa na kwao, na hakuna wa kumtoa.

Alipokaribia ukingo akamwona Mama Emérence ameingia majini na viatu vyake, kitenge mikononi. Nyuma yake Paulin alikuwa ameketi kwenye majani, uso ameufunika.

"Muliona?" Providence akasema, akihema. "Sikusahau hata kidogo!"

Emérence akamzungushia kitenge, akamvuta kifuani, akaanza kumkausha nywele taratibu, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alikawia hivyo. Machozi yake yalidondoka ya moto kwenye shingo ya msichana.

"Falonne yangu alikuwaka anaogopa maji," akamwambia sikioni. "Hata ya bassin ya kuogea. Kila mara tukifika hapa, alikuwa analia tu mu mugongo ya papa yake."

Mikono yake haikuacha kukausha.

"Uniambie, mutoto yangu. Alikufa namna gani?"