Zamu ya Siwema

Mvua ilipoanza, mama alitia komeo mlangoni. Tangu kiwanda cha jirani kianze kutoa moshi wa manjano, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuoga mvua. Matone yaliwasha macho na kutoboa mabati.

Mwajabu aliketi sakafuni akacheza mdako peke yake. Alirusha kete, akaokota kokoto, akadaka, mpaka akakosea. Ndipo akahamia upande wa pili, mahali pa rafiki yake Siwema, waliyemzika kabla ya masika, akamchezea zamu yake. Alikohoa kwanza, kama Siwema alivyozoea, kisha akarusha.

"Mwajabu, umeanza kukohoa?" mama aliuliza, akaacha kuchambua mchele.

"Si mimi, mama. Ni Siwema."

Akairusha tena kete. Safari hii kikohozi kilikuja chenyewe, na mkono ukachelewa.